Kamba Yote

Jussara alishuka kwenye baiskeli ya kuazima,
kiatu kimoja kina tope, cha pili sijui kimebaki wapi,
akasema: *Estou com a corda toda!*
Nami, mkalimani wake wa wiki ya tatu,
mshahara bado, daftari limefika nusu,
nikaandika kama nilivyosikia:
kon a kohda toda.
R yake haigongi ulimi kama yetu,
yapita kooni, yatoka imevaa h.

*Corda* nilikuwa naijua: kamba.
*Toda*: yote.
Ana kamba yote.
Nikamtazama mikononi. Chupa nne za maji ya bahari
ya kupimwa chumvi, kalamu, biskuti iliyolowa.
Kamba sikuiona.

Nilishazoea maneno yake kunikuta nyumbani.
Akisema *mesa*, ni meza yetu ile ile yenye mguu mbovu.
*Trunfo* ni turufu, na Mkasha akiipata huipiga chini kwa kishindo.
Wenye lugha hiyo walikuja na mizinga, wakaenda zao,
tukabaki na foronya zao chini ya mashavu yetu.
Lakini kamba hii hawakuiacha,
au waliiacha na sisi tukaanikia nguo.

Jioni nikamuuliza shangazi Mize.
Alikuwa ukumbini anasokota usumba,
mguu mmoja mbele, paja limeota sugu.
Mtu akisema ana kamba yote, ana nini?
Hakuinua macho.
"Ana hasara. Hajauza hata pima moja."

Kesho yake Jussara alicheka hadi akakaa chini.
Akabana kidole gumba na cha shahada,
akazungusha hewani, krr, krr, krr,
akaachia,
akaenda kama mdoli, magoti hayakunjiki,
kuku wa dukani kwa Sharia wakatawanyika.

Ndipo nikaiona saa ya ukutani ya marehemu baba.
Kila Ijumaa, kanzu tayari mwilini,
hupanda kigoda akaitia ufunguo,
nasi watoto chini twahesabu kwa sauti:
kumi, kumi na moja, kumi na mbili,
na mama kutoka jikoni: basi, utaikata!
Kumbe ule utepe wa chuma uliojikunja ndani
kwao nao ni kamba.
Sisi tumetaja kinachoingia,
wao kinachobana pumzi.

Sasa niandike nini upande wa Kiswahili?
*Nimechangamka*: hilo la kikombe cha pili cha chai.
*Niko moto*: kila kijana Micheweni analo, limeshapoa.
*Nimetiwa ufunguo.*
Nikalifuta. Nikaliandika tena.
Nililipenda, lakini lilikuja na mtu wa ziada:
nimetiwa, na nani?

Nikarudi na swali, nikamkuta shangazi amesimama.
Tangu alfajiri kaponda makumbi, kapika, kagombana na mnunuzi,
na sasa anatafuta mkufu, ana harusi Konde.
Simu ikalia, akaachia ncha ya kamba mbichi.
Ikajirusha. Ikajikunja sakafuni yenyewe,
ikageuka mara mbili, tatu, kama inayotafuta paja lake,
ndipo ikatulia.
"Shangazi," nikasema, "wewe una kamba yote."
"Nilikwambia. Biashara mbaya."
Akatoka, udi umemtangulia mlangoni.

Nyumba ikabaki kimya, kimya cha saa isiyokwenda.
Ufunguo ulikuwa ndani ya bweta,
chini ya kadi ya kliniki ya mtu ambaye sasa ni baba wa watu.
Nikapanda kigoda.
Mzunguko wa kwanza mgumu, wa pili ukalia kutu.
Nikahesabu kwa sauti, mtu mzima mimi, peke yangu.
Kumi. Kumi na moja.
Nikafika kumi na mbili,
nikasita, mkono juu,
nikisubiri mtu aniambie basi.