Kosa Hapa

Kazi yangu ni lifti. Natundika watu hewani
na kuwashusha salama; hawalijui jina langu.
Jumatano jioni napiga gitaa na wazee wawili wa Tampere,
muziki usio na maneno, tunaouita waya,
wa vijana wa mwaka sitini na mbili
waliodhani mji huu una bahari.

Gitaa langu linalia kavu,
kama mtu anayesema ndani ya kabati la nguo.
"Lilowe, Saimi," anasema Urpo wa besi.
"Hiyo unayopiga ni chaki."

Dukani kwa Hietanen kipo kisanduku cha mwangwi,
ngozi ya kahawia, vifundo vitatu, taa nyekundu:
euro mia tisa na arobaini.
Nimekijaribu mara nne.
Siku hizi Hietanen akiniona mlangoani
hawashi mashine, anabandika kahawa.

Kukijenga, kwa hesabu niliyoipiga
nyuma ya fomu ya ukaguzi wa lifti:
transfoma, sitini na tano;
taa tatu za kioo, soketi, kapasita;
springi zenyewe ndani ya sahani yake ya bati;
mbao za msonobari ninazo.
Mia tatu na kumi na mbili.
Na majira yote ya baridi.
Na volti mia tatu zilizojificha ndani ya kapasita,
zinazokukumbuka hata ukishachomoa plagi.
Hilo sikuliandikia bei.

Urpo: nunua, una miaka hamsini na minane,
baridi zako hazihesabiki kwa vidole vya wengine.
Kauno wa ngoma: jenga,
cha dukani kikifa utakizika tu.
Mchagua jembe si mkulima, nami
miezi miwili nachagua jembe
na shamba linazidi kukauka.

Halafu karatasi, ukutani mwa sauna ya mtaa wa Pispala,
mwandiko wa kalamu, herufi zimevimba kwa mvuke:
*Kisanduku cha Reino. Euro themanini, na kuni za kupasua.*

Lempi Kuusisto alinikabidhi shoka kwanza.
Nilipasua mpaka saa tisa, mpaka jua likazama,
ndipo akafunua kitambaa cha meza.
Plywood. Kishikio cha sanduku la safari.
Nikakigeuza, nikafungua skrubu sita,
na ndani, juu ya mbao, kwa penseli:
*Kosa hapa. Usirekebishe. 3.2.1966.*
Mshale ulielekea waya wa kijani
ulioingia pasipo pake. Kosa la wazi.
Lifti ya hivyo ningeifunga siku hiyohiyo.

Tukakiwasha. Kikavuma kama friji.
Nikagusa uzi mmoja, sauti ikatoka mbio,
ikagota mwisho wa springi, ikarudi
imelowa, imechoka kidogo,
kama mtu aliyesahau alichotumwa
lakini amekuja na kingine.

"Kipige teke," alisema Lempi.
Nikakipiga. Radi ikapasuka sebuleni,
vikombe vikatetemeka kabatini.
Nikadhani atalia. Akacheka:
"Mimi ndiye niliyekuwa nikikipiga,
ikishapita saa sita usiku naye hataki kulala."

Sasa kiko juu ya meza yangu ya jikoni.
Sikujenga. Kununua nako, sijui;
mikono inauma kwa shoka la mtu.
Chuma cha kulehemu kimepata moto.
Najua pa kuuhamishia ule waya,
sentimita mbili tu, kushoto.
Nakizima chuma.
Napiga ule wimbo wa Jumatano, taratibu,
nakiwasha tena.

Jirani wa chini anagonga bomba.
Ni saa sita na dakika kumi.