Mikroni

Gari la baba limeingia karakanani kwangu Jumanne,
chumvi ya barabara za Trollhättan imeliganda hadi madirishani,
na yeye nyuma yake, kopo la polishi kwapani,
kama mgonjwa aendaye hospitali na mitishamba yake.

"Kauri yako siitaki," kasema.
Miaka thelathini na mmoja alipuliza rangi kiwandani,
hadi siku walipozima taa na kuwagawia keki.
"Gari hutaka mkono."

Namweleza kama ninavyomweleza kila mteja:
polishi haiongezi kitu, baba. Polishi hula.
Mkwaruzo hauponi; unaushusha uso mzima
mpaka uwe sawa na kidonda.
Nta hudumu wiki sita, mvua ikiwa na huruma.
Kauri, wauzaji husema miaka saba;
mimi hugawanya kwa mbili, kisha natoa uwongo uliobaki.
Na ile resini mpya, inayozama nyufani
na kukauka chini ya taa ya zambarau,
hiyo kweli hurudisha kina cha rangi,
ila bei yake ni nusu ya gari lenyewe.

Anasikiliza
kama mtu anayesomewa hali ya hewa ya mji mwingine.

Nikakitua kipimo juu ya boneti.
Sabini na mbili.
Mlango wa kushoto, sitini na nane.
Paa, sitini na moja; ukingoni hamsini tu,
rangi ya chini inachungulia
kama goti kwenye suruali kuukuu.
Lilizaliwa na mia na ishirini.
Chovya chovya, nikamwambia, humaliza buyu la asali.
Kila Jumapili, miaka ishirini na mitatu!
Umelipenda hadi limebaki ngozi.

Kimya.

Nikazunguka nyuma, madigadi ya kulia.
Mia tatu na arobaini.
Nikakifuta kipimo kwa shati, nikapima tena.
Mia tatu arobaini na mbili.
Chini pale kuna puti, kuna koti juu ya koti,
kuna usiku mzima wa mtu anayeijua kazi yake.

Baba akaitazama sakafu ikinywa maji ya theluji.
"Mama yako," akasema. "Novemba ile, nguzo ya daraja la mfereji.
Alikuwa amekunywa.
Wewe ulikuwa kiti cha nyuma, miaka sita, ndani ya blanketi.
Hukuamka hata.
Evert wa zamu ya usiku alinipa ufunguo.
Kabla ya kengele ya asubuhi nilikuwa nimemaliza.
Namba ile ile ya rangi, Ylva, ndoo ile ile,
lakini kipya ni kipya.
Madigadi iling'aa kuliko gari zima,
mwenye macho yeyote angeuliza.
Basi nikaanza kuling'arisha lililobaki
lifanane nayo.
Nilidhani ni Jumapili chache."

Na mama hakuonja tena.
Sisi watoto tuliambiwa ni tumbo.

Nikaining'iniza mashine ya kung'arishia mahali pake, ukutani.
Nikaliosha gari mara mbili, nikalikausha kwa pumzi ya mpira,
nikalipaka kauri, koti moja, jembamba,
mikwaruzo yake yote imo ndani, imefunikwa, haikuguswa.
Taa ilipolipiga halikuwa jipya.
Lilikuwa gari lililooshwa.

Fomu ya tathmini ina safu kwa kila kipande.
Boneti: imechakaa. Paa: lisisuguliwe tena.
Kwenye madigadi ya kulia kalamu ilisita,
kisha nikaandika: kazi ya kiwandani.
Na si uwongo.

Mlangoni akageuka, kopo bado kwapani.
"Sasa Jumapili nifanye nini?"

Maji, nikamwambia. Sabuni kidogo.
Usisugue.