Safu ya Tatu

Daftari ni la hesabu, kurasa arobaini na nane,
jedwali la kuzidisha limechapwa nyuma ya jalada.
Nimelipiga mstari katikati kwa rula ya kuazima:
kushoto KILICHOINGIA,
kulia KILICHOTOKA.

Jumatatu. Kimeingia mia saba, kwa mama.
Kimetoka: muhogo wa kukaanga mia mbili,
kachumbari bure, pilipili bure,
bando mia tano
la kumtazama mtu nisiyemjua
akifungua boksi la viatu vyake.

Jumanne. Vivyo hivyo. Boksi jingine.

Jumatano. Barafu ya ukwaju mia, ubuyu mia,
na mia tano sikumbuki.
Nikaiandika hivyo hivyo: sikumbuki.

Mwezi ulipokwisha nikajumlisha, kidole kikishuka na mstari.
Bando elfu sita.
Muhogo elfu tatu na mia nne.
Barafu na ubuyu elfu moja na mia saba.
Sikumbuki elfu nne na mia tatu.

Ni nani huyu Sikumbuki?
Halali kwetu, haoshi chombo, hamwamkii mama,
na kila jioni anatoka Makorora
na chenji yangu mfukoni, akipiga mluzi.

Nami nataka baiskeli.
Ngamiani baiskeli si anasa, ni miguu ya akiba.
Ipo moja kwa fundi Shemhilu, Barabara ya Tisa,
ya kijani, kengele imekufa,
kiti kimeshonwa kwa uzi wa mkonge.
Elfu sabini, alisema, bila kuinua macho kwenye tairi.

Basi nikanunua kibubu,
kile kisicho na mlango, cha kuvunja tu.
Jumamosi namsuka nywele Mama Hizza, elfu mbili.
Saumu akisema twende chipsi, nasema nimeshiba;
tumbo likanguruma, akalisikia, tukacheka wote.
Soksi za kufika gotini nilizitamani dukani siku tatu.
Siku ya nne nikapita, zikawa soksi tu.
Nikaandika: hamu, siku tatu. Bei, sifuri.

Nilijiona mjanja.

Mwezi wa tano bibi yake Zaituni akafariki.
Kiranja Mkufya akapitisha kofia darasani,
mia tano mia tano, ya rambirambi.
Nikasema sina.
Kibubu kilikuwa na elfu thelathini na moja.
Jioni nikaandika: kimetoka, sifuri.
Hesabu ilikuwa sahihi. Niliihakiki mara mbili,
nikakaa nayo mpaka kibatari kikaanza kutoa moshi.

Zaituni alirudi shule siku ya Alhamisi.
Hakuuliza nani katoa, nani hakutoa.
Mapumziko akaukata muhogo wake kati, kama kawaida,
akanipa upande wenye pilipili nyingi
kwa kuwa anajua naupenda.

Sikuweza kuumeza.
Nilipofika nyumbani nikakigeuza kibubu kichwa chini,
nikakitekenya kwa kisu cha mkate, nusu saa nzima,
mpaka bubu akasema: noti mbili za elfu moja moja.
Nikaenda kwao na giza lile lile.
Sikusema mengi. Mama yake alinishika mkono
akauacha ndani ya mkono wake muda mrefu.

Usiku ule nikapiga mstari mwingine,
bila rula, ukaenda upande.
Safu ya tatu. Haijapata jina.
Siijumlishi.

Mwezi huu Sikumbuki kala mia tatu tu.
Anakonda, maskini.

Baiskeli bado ipo Barabara ya Tisa.
Jana nilipopita, Shemhilu hakuinua macho;
alinyoosha kidole, akaibonyeza kengele.
Ikalia.
"Imeongezeka elfu mbili," akasema, "ya kengele."

Nimeandika.