Lamalifu Elfu Sitini

"Msalaba?" Shangazi Mwanatumu alikunja uso.
"Hii ni lamalifu. Darizi."
Nikadarizi lamalifu elfu sitini,
miaka minne, Mkomani, dirishani,
hadi alizeti za mchoraji wa ng'ambo
zikachanua, pana kuliko mlango.

Ila ukuta wetu wa matumbawe hutoka jasho la chumvi,
haumpendi mgeni wa pamba.
Picha nimeiosha kwa maji baridi ya birika,
sikuikamua,
nikaivingirisha kwenye mpini wa fagio
ndani ya kanga ya marehemu shangazi,
na majani makavu ya mwarubaini
kuwafukuza nondo.

Kila Ijumaa naikunjua ipumue.
Chini, pembeni, mshono mmoja umelala kinyume:
wake,
mwaka ule macho yalipoanza kumtupa.

Sijaufumua.