Kitabu cha Funguo

Oktoba mosi, alfajiri, Łódź ingali gizani,
nami nimekwisha kufungua kitabu cha funguo.
Bweni Namba Saba: mlango mmoja, ghorofa tano,
lifti iliyokufa tangu Pasaka.
Mimi ni Bi Zdzisława wa mapokezi.
Kabla hujamjua profesa wako, utanijua mimi.

Wanakuja na wazazi, na chupa.
Chupa za kioo, mdomo mpana, vifuniko vimekazwa na mkono wa mama:
kabichi chachu, matango ya siki,
nyama iliyokaa siku mbili juu ya moto mdogo.
Mama akiaga hamtazami mwanawe, ananitazama mimi,
kana kwamba nimeajiriwa kulinda matumbo.

Ziemowit, chumba 312, alitoka Suwałki,
kule ambako, alisema, baridi hufika kabla ya gari moshi.
Aliandika jina lake taratibu
kama mtu anayetia saini deni.
"Unasomea nini?"
"Hisabati."
"Na mwenzako wa chumba?"
"Falsafa."
Nikawahurumia wote wawili, nikampa ufunguo na balbu.

Wiki ya kwanza halali mtu.
Ngoma ikivuma sana hupasuka, nawaambia
wapitao saa nane za usiku, viatu mkononi.
Wananicheka kwa adabu.
Ikifika Novemba hawacheki. Wamejua
kwamba karatasi ya chooni haishuki kutoka mbinguni,
kwamba rafu za friji ni mipaka ya nchi
na kipande cha jibini kimewahi kuvunja udugu.

Usiku mmoja nikamkuta kaketi ngazini, karatasi magotini.
Alama: mbili.
Kwetu mbili si alama, ni shimo.
"Nyumbani nilikuwa wa kwanza," akasema.
"Mwanangu, humu ndani kila mtu
alikuwa wa kwanza nyumbani kwao."
Hakujibu. Maji yalichemka.
Nilitaka kumwambia kwamba mwaka themanini na moja
jina langu lilibandikwa ukutani, Kemia, nambari kumi na nne,
na kwamba Septemba ile mama aliugua,
nikaenda kiwandani kufunga nyuzi zilizokatika.
Nikamwambia chai inapoa.

Ijumaa chupa tupu hushuka ngazi zikigongana mabegini,
Jumapili hurudi bubu, zimeshiba.
Kwa masikio tu najua ni siku gani.
Lakini Januari Ziemowit hakusafiri,
Ijumaa ya kwanza, ya pili, ya tatu.
Chupa zake zilipangwa dirishani:
moja ya penseli, moja ya mswaki,
moja haina kitu, inasubiri.

Kisha king'ora.
Wanafunzi mia mbili kwenye theluji, miguuni ndara,
mwanafalsafa kajitanda pazia,
wazima moto wanapanda, wanashuka, wanatikisa vichwa.
Wa mwisho kutoka ni yeye, mwiko mkononi, nyusi zimeungua.
"Kitunguu," akasema.
"Mama aliandika 'mpaka kiwe rangi ya dhahabu.'
Hakuandika ni dhahabu ya namna gani."

Februari, mitihani. Bweni zima linanuka kahawa na soksi.
Kuna aliyesoma bafuni kwa kuwa ndiko kwenye taa nzuri,
kuna aliyeniuliza, mimi, kama Mungu husahihisha kwa nusu alama.
Ziemowit alipata tatu.
Tatu ya kupita mlangoni umeinama,
lakini umepita.

Ijumaa ile akashuka na begi.
Nikatega sikio: hakuna kilichogongana.
Akafungua zipu, akanionyesha chupa moja, imejaa, bado ya moto,
imefungwa kwa taulo la bweni ambalo ni marufuku kulitoa.
"Ya mama," akasema. "Imeungua kidogo."
Sikuliona taulo.

Nikaandika: 312, ufunguo umerudishwa, saa tisa na dakika kumi.
Mwishoni mwa mstari kuna safu ya Maelezo,
ambayo kwa miaka kumi na tisa nimeiacha wazi.
Nikaandika: kitunguu.