Diwani, Leo Sina Njugu

Diwani, usinitazame hivyo.
Mikono yangu hii hapa: mbele, nyuma,
katikati ya vidole. Hamna kitu.
Nusa ukitaka. Ni sabuni ya kipande tu.

Miaka kumi na mmoja nimekaa langoni, City Park,
nikisokota kurasa za magazeti ya juzi:
shilingi kumi njugu za mtu,
shilingi kumi njugu za kima,
na zote zimetoka sufuria moja.
Wewe ndiwe uliyekuwa bango langu.
Uliteremka mkuyuni na uso wa mdai kodi,
Onyiego mpiga picha akakubandika jina:
Diwani,
apokeaye bila asante
na harudi kwetu mpaka njaa imshike.

Tulicheka. Wapenzi walipigwa picha ukiwa begani.
Mama Harshida, kila Jumamosi alfajiri,
alivua viatu kwenye umande
akapanga ndizi juu ya jiwe
kana kwamba anamwandalia mkwe.
Nani angemwambia mtu mzima
kwamba sadaka yake itaota meno?

Kisha ikaja Jumapili ile.
Mtoto hakukuchokoza. Nilikuwepo.
Alikunja ngumi, basi, kama watoto wakunjavyo
wakiona kitu kigeni.
Nawe ulikwisha kujua
kwamba ngumi ya binadamu ni ganda
na ndani mna punje.
Ulijulia wapi? Usinijibu.
Soksi yake ilikuwa nyeupe, ya kanisani.
Hospitalini sindano, wiki ile sindano,
wiki iliyofuata sindano nyingine.
Baba yake akarudi na manati.
Mtu mwingine, hatujui nani,
akarudi na mkate.

Yule jike mwenye sikio lililopasuka
alimbeba mwanawe siku mbili
akimpukuta nzi.
Siku ya tatu alimwacha kwenye tawi,
taratibu, kama mtu anayeanika nguo.

Ndipo tukaitwa kwenye jukwaa la bendi.
Mmoja akasema wahamishwe, wapelekwe msituni.
Afisa Lempaka akavua kofia, akajikuna:
“Ukifukuza mwizi ukaacha mlango wazi,
umekaribisha mwizi usiyemjua.”
Akataja mapipa yenye komeo,
faini kwa mlishaji,
na njugu.
Aliposema njugu hakunitazama.
Wengine wote walinitazama.

Pipa likapata kifuniko,
mimi nikapata kizibao cha kijani,
siku tatu kwa wiki, malipo mwisho wa mwezi.
Kwa sauti ileile niliyouzia
sasa nasema: “Tafadhali, msiwalishe.”
Mama Harshida bado huja.
Huketi karibu na jiwe lake,
viatu vyake miguuni,
ndizi zake kwa watoto wa lango la nyuma.
Hatusalimiani vizuri bado.

Wiki ya kwanza ulinipiga kofi la paja.
Ya pili ulininyima uso.
Jana nimekuona juu, mdomo umejaa kuyu,
unatema maganda kichwani pa Onyiego,
na manyoya yako yameanza kung’aa.
Una mkuyu, Diwani.
Wangu mimi uko wapi?
Karo ya Bosibori haiivi kwenye mti.

Leo wamekuja wanafunzi, sare za samawati.
Nimewafundisha: usikimbie, usikenue meno,
fungua viganja aone.
Mmoja, mdogo kuliko mfuko wake, akafungua.
Nami nikafungua.
Ukatutazama, yeye, mimi, yeye tena,
kama anayehesabu kura,
ukapanda zako.

Lakini siri hii ni yetu wawili.
Jioni, nikikunja kizibao,
nilipapasa mfuko wa ndani wa sweta
nikakuta punje moja, ya zamani, imesinyaa.
Niliangalia juu. Ulikuwa umelala.
Nikageukia ukuta
nikaila mwenyewe.