Lebo ya Shingoni

Mimi hukata lebo za nguo zote ninazonunua.
Muuza sweta pale sokoni Tartu ameshanizoea:
hunipa mkasi kabla sijamlipa.
Lebo ikinigusa shingo, siku nzima sisikii kingine.
Friji ya jirani ikianza kunguruma ghorofa ya chini,
naisikia kwa meno.
Na mtu akilia basini, hata kama yuko kiti cha nyuma kabisa,
mimi ndiye ninayeshuka na macho mekundu.

Mama aliita madeko.
Daktari aliandika neno refu, akaongeza vidonge.
Tarvo aliita kipaji.
Nani asingemfuata mtu wa kwanza
kulipa jeraha lake jina zuri?

Alikuwa na nyumba ya mbao kando ya ziwa Peipsi.
Tulikaa sakafuni, watu ishirini na wawili,
ubani ukifuka mpaka kope zinawasha.
Alitutaka tupumue kwa kasi, tulie kwa sauti,
tukumbatie tusiowajua.
Nikasema, "Naomba nitoke kidogo."
Akatabasamu kama anayemtazama mtoto akikataa dawa.
"Hiyo ni nafsi yako, Leelo. Inakimbia nuru."
Mlango ulikuwa umefungwa, ili nguvu zisivuje.
Ufunguo aliuvaa kwa uzi shingoni,
pale pale ambapo mimi siwezi kuvumilia lebo.

Majira mawili ya baridi.
Piano ya nyanya niliiuza, pesa nikampa.
Tumbo liliponisokota aliniambia tumbo linajifunza.
Halikuwa linajifunza.
Lilikuwa linafundisha,
na mwanafunzi mzito alikuwa mimi.

Nilitoka siku mleta kuni aliposahau kurudishia mlango.
Viatu vyangu vya ndani viko huko mpaka leo.

Kisha mwaka mzima sikutafuta kitu.
Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka,
nami niliona ung'ongo kila mahali:
kwenye kengele, kwenye mishumaa, kwenye neno "karibu."

Helve nilimpata juu ya karakana ya baiskeli.
Zamani alikuwa mpima maji wa manispaa.
Kabla ya jina langu aliniambia:
"Choo kile. Mlango ule, unakwaruza, usijali.
Ukichoka toka, si lazima utuage."
Nikamuuliza kwa ukali ambao sikuwa nao kwa Tarvo:
nani anakukatalia wewe?
"Wote. Hasa Maimu.
Leo amenikatalia mara mbili, na chai bado."
Na waliotoka hapa, wako wapi?
"Enn yuko chini ya sinki.
Haamini hata neno moja tunalosema,
ila bomba letu analionea huruma."
Sauti ya spana ikaitikia kutoka jikoni.

Wanasoma ukurasa mmoja, basi.
Halafu wanakaa kimya, na kimya chao hakidai kitu.

Kulikuwa na saa ukutani.
Wiki mbili iligonga ndani ya fuvu langu, sikusema.
Ya tatu nikasema.
Maimu alinuna: saa ya marehemu mumewe.
Walibishana mbele yangu, nikatamani kuyeyuka,
na hakuna aliyeniambia nafsi yangu inakimbia nuru.
Saa ikahamia jikoni.
Bado naisikia, lakini kwa mbali,
kama deni la mtu mwingine.

Bado nakaa karibu na mlango.
Bado sijatoa senti zaidi ya bei ya chai.
Jana, katikati ya kimya, kifua kilibana, nikatoka.
Nikasimama ngazini kwenye harufu ya mafuta ya cheni,
theluji ikitua juu ya viti vya baiskeli zilizosubiri wenyewe,
nikapumua kwa mwendo wangu,
polepole, bila kuhesabiwa na mtu.

Niliporudi hakuna aliyegeuka.
Maimu alisogeza tu begi lake.